Pisheni, Vigari Vinakaribia

Paliondokea nchi, na kwa bahati mbaya haijaondoka hadi leo, iliyoitwa Jamhuri ya Utulivu. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani walifika mpakani wakaombwa wasubiri kidogo, na bado wanasubiri. Wananchi wa huko waliipenda serikali yao kupita kiasi, na yeyote ambaye mapenzi yake yalipungua alikumbushwa kwa rungu.

Mwaka ninaousimulia, Waziri wa Usafiri Mwororo, Mheshimiwa Daktari Pazi Mkolokolo, alikwenda Ulaya kutazama maonyesho ya magari. Huko akaonyeshwa kigari cha mjini. Kilikuwa na viti viwili, urefu wake haukuzidi kitanda cha mtu mrefu, kilikwenda kwa umeme, hakikutoa moshi wala mlio. Wenyewe wakamweleza kwa adabu kwamba hicho ni cha mfano tu. Vingine havijaanza kutengenezwa, ila siku hiyo inakaribia. Mheshimiwa hakuelewa mambo ya betri, lakini hilo la kukaribia alilielewa vizuri sana. Alirudi nyumbani, akasimama kwenye ngazi ya ndege, akawatangazia waliokuja kumlaki:

"Wananchi, vigari vinakaribia."

Walipiga makofi dakika kumi na moja, maana aliyesimamia makofi alikuwa ameagizwa kumi.

Kesho yake Bunge likapitisha Sheria ya Kupisha. Sheria ilisema kwamba kwa kuwa vigari vinakaribia, kila kilicho njiani kipishe. Magari yote yanayokula mafuta yasalimishwe yakapondwe. Barabara kuu ipanuliwe hadi njia nane, kwa sababu vigari ni vidogo, na kitu kidogo kinahitaji nafasi ya kukua. Gereji zote zivunjwe, kwani Mheshimiwa alikuwa amesoma kwenye kijitabu chenye picha kwamba gari la umeme haliharibiki. Mbunge mmoja aliuliza watu watasafiri na nini wakati vigari bado vinakaribia. Alijibiwa vizuri, na siku alipotoka hospitali alikuwa hana swali la nyongeza.

Kikaundwa Kikosi cha Kupisha, askari mia nne wenye kofia za kijani, rangi ya hewa safi. Uongozi wake akapewa Naibu Waziri, Mheshimiwa Salha Mburugo, mama mwenye sauti laini ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akigomba. Waliowahi kumuudhi hawakupata nafasi ya kusimulia.

* * *

Mtaa wa Nyundo ulikuwa njiani.

Hapo ndipo alipofanyia kazi Mashavu Kilindo, fundi umeme wa magari, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwembamba, msemaji wa maneno machache. Taa zikikataa kuwaka, honi ikilia yenyewe, stata ikigoma, gari lilisukumwa hadi kwake. Kaka yake, Bakuza, alinyoosha na kuchomelea bodi upande wa pili wa ukuta huohuo. Wazazi wao walikwisha kufariki, na Mashavu hakuwa na mume wala mtoto. Bakuza ndiye mtu pekee aliyebaki wa kumwita kwa jina la utotoni, Kishavu, na wa kumgombeza kwa kutokula mchana.

Kikosi kilifika saa mbili asubuhi. Wakati huo Bakuza alikuwa amelala chali chini ya pikapu, amevaa miwani yake nyeusi, anachomelea fremu iliyokatika. Jenereta lilikuwa linanguruma karibu na kichwa chake. Hakusikia tangazo, na kusema kweli tangazo halikuwa refu. Mheshimiwa Salha alipanda juu ya kijukwaa alichokuja nacho, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu mafundi," akasema, "serikali yenu inawapenda. Tumekuja kuwasaidia kuhama. Mnazo dakika tano, na mbili zimekwisha kwa salamu."

Zile tatu nazo hazikufika mwisho. Marungu yaliingia kabla ya tingatinga. Fundi wa magurudumu aliuliza ahamie wapi, akavunjwa taya kwa swali hilo, ili asilirudie. Mama wa chai alimwagiwa birika lake mgongoni. Wazee wawili waliokuwa wanacheza bao walikamatwa kwa kukaa mbele ya gari lisilokuwepo bado. Damu ilichanganyika na oili chafu iliyokuwa imejaa pale chini miaka mingi, na askari wengi waliteleza na kuanguka. Jambo hilo liliingizwa kwenye ripoti kuwa ni uhujumu.

Mashavu alikimbia kinyume cha watu wote. Alifika kwenye pikapu tingatinga likiwa hatua ishirini hivi, akasimama mbele yake, akatanua mikono. Mkono wake wa kushoto, ndio aliofanyia kazi tangu utotoni, ulikuwa umeshika testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini.

"Simamisha," akamwambia dereva. "Kuna mtu chini. Kaka yangu yuko chini ya hii pikapu."

Dereva alisimama. Alikuwa mtu wa kawaida, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia. Akageuka kumtazama Naibu Waziri, na Naibu Waziri akatazama saa yake.

"Mwanamke huyo ameshika silaha," Mheshimiwa Salha akasema taratibu.

Askari wawili wakamwangusha Mashavu. Wa tatu akaulaza ule mkono wa kushoto juu ya jeki, akaupiga mara tatu kwa rungu, bila hasira, kama mtu anayegonga msumari. Testa ikadondoka. Tingatinga likaenda. Bati la pikapu lilipiga kelele ndefu, kisha ikafuata sauti nyingine, fupi, ambayo Mashavu aliitambua na akatamani asingeitambua. Cheche za kuchomelea ziliendelea kumeta kidogo chini ya vyuma vilivyobonyea, halafu zikakoma.

"Kishavu" lilikuwa jina la mtu mmoja kulitumia. Kuanzia saa mbili na dakika kumi na nne, halikuwa na mtumiaji.

* * *

Baada ya siku mbili Mashavu alikwenda Wizarani kuuomba mwili. Mkono alikuwa ameufunga kwa vipande vya mbao na kipande cha kanga, kwa sababu hospitali zilikuwa zimeombwa kutopokea majeruhi wa Kupisha. Takwimu zilikwisha kutolewa, na zilisema hakuna.

Chumba cha maiti cha Wizara kilikuwa nyuma ya ofisi ya vibali. Karani wake aliitwa Staha Mwinjaka, mtu mfupi mwenye kikohozi, aliyesimama kila alipoingia mfiwa. Alimpa Mashavu kiti, akampa pole, akatoa fomu.

"Nitakuuliza maswali, dada yangu, unisamehe," akasema. "Gari lililosababisha kifo lilikuwa na namba gani?"

"Halikuwa gari. Lilikuwa tingatinga la serikali."

"Tingatinga halina namba." Staha akakohoa, akatazama mlango. "Fomu haiendi bila namba. Chombo kisicho na namba hakiwezi kusababisha ajali, na kama hapakuwa na ajali, ndugu yako hakufa kwa ajali."

"Sasa alikufa kwa nini?"

Karani akafungua daftari kubwa, akasoma kwa sauti ya chini, "'Marehemu alipatikana akiwa kizuizi.' Ndivyo walivyoandika. Mwili wa kizuizi ni mali ya Wizara. Unatolewa kwa saini ya Waziri mwenyewe tu, siyo Naibu, siyo katibu." Akafunga daftari. "Na wiki hii ni Wiki ya Furaha, dada. Kile kigari cha mfano kinaletwa kwa ndege. Mazishi yamepigwa marufuku mpaka sherehe ziishe, na zikiisha, vizuizi vyote vitachomwa kwa pamoja nje ya mji. Nimepata waraka wake leo."

Mashavu hakulia. Alimtazama yule karani muda mrefu kiasi kwamba Staha alianza kupanga kalamu zake upya.

"Naweza kumwona?"

"Hairuhusiwi."

Kisha akainuka, karani akafungua mlango wa ndani, akaenda kusimama dirishani akiwa amempa Mashavu mgongo, anakohoa. Mashavu akaingia. Bakuza alikuwa chini ya turubai pamoja na wengine saba. Miwani ya kuchomelea ilikuwa bado usoni, kioo kimoja kizima. Akajaribu kuivua kwa mkono wa kulia, asiouzoea, ikamshinda. Akatoka.

"Nitakaa hapa nje," akamwambia Staha. "Mpaka asaini."

"Hapo nje panaruhusiwa," karani akasema, "kwa sababu hakuna aliyefikiria kupakataza."

* * *

Kigari kilionyeshwa hadharani siku ya Ijumaa. Kilipotolewa kwenye sanduku lake watu walikaa kimya, wakidhani kitu chenyewe bado kinakuja.

Kitengo cha Usalama kilikuwa kimekifanyia marekebisho siku nzima iliyotangulia. Vioo vya Ulaya vilitolewa, vikawekwa vioo vizito visivyopenywa na risasi. Milango ilijazwa mabamba ya chuma. Vishikio vya ndani vya kufungulia vikang'olewa, ili adui akiingia asiweze kutoka na Mheshimiwa. Juu kikawekewa nguzo ya bendera, na siti ya pili ikaondolewa, kwa kuwa siti ya Mheshimiwa ilihitaji ujirani wake. Kigari kilichotengenezwa kiwe chepesi kama pikipiki tatu sasa kilikuwa na uzito wa trekta, na betri ileile.

Saa nne kamili Mheshimiwa Daktari Mkolokolo akaingizwa ndani. Nasema akaingizwa kwa sababu walinzi wanne walihusika, na mmoja wao alitumia goti. Mlango ukafungwa. Njia nane za lami mpya zilikuwa mbele yake, tupu, zimenyooka hadi upeo wa macho. Mbele ya kigari ilitangulia bendi ya wazee wastaafu wa reli, watu ishirini na wawili, wamevaa suti nyeupe. Kandokando walisimamishwa wananchi, wakiwemo wake na watoto wa wanabendi waliopangwa mstari wa mbele kwa heshima.

Mheshimiwa alikuwa hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Ujuzi wote aliutoa kwenye kile kijitabu chenye picha. Akakanyaga.

Gari la kawaida likija nyuma yako utasikia injini, na miguu itaruka kabla akili haijauliza. Kigari kile hakikuwa na sauti, na bendi ilikuwa inapiga wimbo wa taifa kwa nguvu zote. Kilimchukua kwanza mpiga ngoma kubwa, mzee Nassoro Lipumbwi, kikampitia kiunoni. Kikapanda juu ya ngoma, kikatua juu ya wapiga tarumbeta wawili. Mheshimiwa, akitafuta breki, alikanyaga kikanyagio kilekile cha kwanza kwa nguvu zaidi, kigari kikamburuta mmoja wao mita arobaini, na lami mpya ikapata mstari mwekundu ambao haukuwa kwenye ramani ya wahandisi. Tarumbeta zilizobaki ziliendelea kidogo kwa mazoea, kisha zikakatika moja moja.

Mke wa mzee Lipumbwi alipiga ukunga. Askari wa kofia ya kijani alimpiga rungu la bega, akamweleza kwamba ratiba katika kipengele hicho inasema vigelegele. Watu wakaangalia, wakapiga makofi, wengine wakilia huku wanapiga. Askari walipita mstarini wakirekebisha nyuso.

Mita mia tatu mbele, kwa sababu ya uzito, betri ikaisha. Kigari kikasimama katikati ya njia ya nne. Kwa kuwa milango yake ilijifunga kwa umeme, na umeme haukuwepo, ilibaki imefungwa.

* * *

Mwanzoni ilidhaniwa Mheshimiwa anatafakari. Ilipofika saa sita, alikuwa anapiga kioo kwa viganja vyote viwili. Jua lilikuwa utosini, kigari kilikuwa bati na kioo, na ndani mlikuwa na mtu mnene mwenye koti la sherehe.

Walinzi wakapiga kioo kwa nyundo, nyundo ikavunjika mpini. Mkuu wa Usalama akaamuru kipigwe risasi. Vioo vilikuwa vya kweli, havikupenywa. Risasi mbili zilirudi zilikotoka, moja ikamwingia Mkuu wa Usalama shingoni, nyingine ikamtoboa mlinzi tumbo, nao wakafa pale pale wakiwa wamethibitisha ubora wa kazi yao. Ulaya ikapigiwa simu. Kule akapatikana binti mwenye lugha nzuri, aliyesema kwamba gari hilo bado halijaanza kutengenezwa rasmi, kwa hiyo haliwezi kuwa limeharibika rasmi, na akawashukuru kwa kupiga.

Ndipo mtu mmoja akasema kwa woga kwamba pengine angeitwa fundi umeme. Wakaitafuta orodha. Wengi walikuwa jela, wengine walikuwa na mikono iliyovunjika, na watatu walikuwa chini ya turubai la Staha. Mmoja alikuwa amekaa kwenye kibaraza nje ya chumba cha maiti, siku ya nne hiyo.

Mashavu akaletwa kwa pikipiki ya msafara. Walimteremsha mbele ya kigari, katikati ya njia nane. Akatazama ule mstari mwekundu, akatazama kitu chenyewe kinachong'aa, akaelewa kwa mara ya kwanza ni nini hasa kilikuwa kinapishwa. Kilimfika begani.

Mheshimiwa Salha alikuwa amekaa chini ya mwavuli, amepangusa uso, ametulia.

"Dada, karibu," akasema. "Unaweza kufungua?"

"Naweza. Nataka mwili wa kaka yangu."

"Hilo ni suala la saini ya Waziri. Mimi sina mamlaka." Akaonyesha kigari kwa kidole. "Mwenye mamlaka yumo."

Mashavu akasogea kwenye kioo. Uso wa Mheshimiwa ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau, midomo imepasuka, koti limelowa. Ndiye mtu ambaye jina lake lilikuwa juu ya kila karatasi ya Kupisha. Mashavu akamwonyesha fomu ya kutolea mwili ambayo Staha alimwekea mfukoni alipokuwa anaondoka, akaibandika kwenye kioo ili asome. Mheshimiwa akasoma, akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, akaendelea kuitikia.

Mashavu aliomba betri ya pikipiki na vipande viwili vya waya. Kwa mkono wa kulia na meno alimenya waya, akalala kifudifudi kwenye lami inayounguza, akaondoa kifuniko cha mbele, akafuata nyaya moja moja kwa kidole. Kazi ambayo mkono wa kushoto ungeimaliza haraka ilimchukua nusu saa. Mara mbili waya ulimponyoka. Mara moja alisikia kishindo kimoja kizito ndani, kisha kimya, akadhani amechelewa. Hatimaye akagusisha nyaya, mota ya mlango ikalia, kitasa kikaachia. Mlango ukafunguka upana wa vidole vitatu, ukakwama. Pigo lililomwua mzee Lipumbwi lilikuwa limeipinda fremu yake.

Joto lililotoka lilimpiga usoni kama la tanuri ya mkate, likiwa na harufu ya mkojo. Vidole vinne vikajitokeza kwenye ufa.

"Maji," Mheshimiwa akasema ndani. "Nitoe, mama yangu. Nitoe."

"Saini kwanza."

Akapenyeza fomu na kalamu. Fomu ikarudi na saini iliyotetemeka hadi nje ya mstari. Mashavu akaipuliza, akaikunja, akaitia kifuani. Akaomba mtaimbo wa kupanulia mlango.

Mtaimbo haukuja. Badala yake Naibu Waziri akainuka chini ya mwavuli wake, akasogea karibu, akainama kama anayemfunga mwenzake kamba ya kiatu.

"Umeshamaliza kazi yako, dada," akanong'ona. "Unacho ulichokitaka. Nenda kazike. Hapa patabaki hivi hivi saa moja tu, halafu itakuwa mapenzi ya Mungu."

Mashavu akamtazama. Ni sauti ileile ya upole iliyosema ameshika silaha.

"Na nikifungua?"

"Karatasi inachanika."

Vidole vinne vilikuwa bado kwenye ufa, vinakwaruza rangi. Mashavu alimchukia mwenye vidole hivyo kwa chuki ambayo hakujua kama anayo. Alikuwa amewaza siku nne kibarazani jinsi mtu yule angekufa, na alikuwa amempa vifo vingi, vyote virefu. Hiki kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimoja kati ya hivyo. Lakini sasa kilikuwa kinaombwa na mtu mwingine, mwenye mwavuli, na Mashavu angekuwa kibarua wake. Aliyeamuru tingatinga liende alikuwa anampangia kazi ya pili.

Mashavu aliiokota nguzo ya bendera iliyokuwa imedondoka kutoka juu ya kigari, ya chuma imara, akaipenyeza kwenye ufa, akaiegemea kwa bega na kwa mwili wote. Mkono uliovunjika ulimpigia kelele hadi kwenye meno. Kitu kikakatika ndani ya bawaba. Mlango ukafunguka, Mheshimiwa Daktari Pazi Mkolokolo akamwagika barabarani.

Naibu Waziri hakupoteza hata pumzi moja, na hapo ndipo ulipokuwa ukubwa wake. Kabla mtu hajamnywesha bosi wake maji, alikuwa na kipaza sauti mkononi.

"Wananchi," akasema, kwa ile sauti ya upole, "huyu hapa ndiye aliyewaua wazee wetu wa bendi. Serikali imewafungulia mlango. Serikali haiko naye tena. Askari, wapisheni wananchi."

Kofia za kijani zikarudi nyuma, mia nne kwa pamoja. Kisha mke wa mzee Lipumbwi, bega lake moja limelegea, akavua kiatu. Alitembea taratibu hadi katikati ya njia ya nne, akampiga Mheshimiwa usoni kwa kisigino. Mheshimiwa akasema jambo kuhusu kamati. Baada ya yule mama wakaja wengine, waliokuwa wamepiga makofi wakilia, kisha wakaja watu wa Mtaa wa Nyundo, kisha wakaja watu ambao hawakufiwa na mtu yeyote. Walitumia viatu, mawe ya kokoto, na tarumbeta.

Mashavu alikuwa amekwisha kugeuka. Naibu Waziri alikuwa anatazama kazi inavyokwenda, na karatasi ya mtu mmoja ilikuwa imemtoka akilini. Mashavu alitembea, halafu akakimbia. Nyuma yake hakukuwa na makelele mengi. Kulikuwa na vishindo, na pumzi za watu wanaofanya kazi.

* * *

Alipofika Wizarani, redio iliyokuwa mezani kwa Staha ilikwisha kusema. Waziri wa zamani alikuwa msaliti. Waziri mpya, Mheshimiwa Salha Mburugo, alikuwa ameapishwa kwenye eneo la tukio saa nane na nusu, na saini zote za mtangulizi wake za siku hiyo zilikuwa batili kuanzia saa nane.

Mashavu akaweka fomu mezani.

Staha akaisoma. Akatazama saa ya ukutani, iliyosema saa tisa kasorobo. Akatazama sehemu ya muda kwenye fomu, ambayo Mheshimiwa hakuijaza. Alikohoa muda mrefu. Alikuwa mtu mwenye wake wawili na watoto, na katika miaka kumi na tisa ya utumishi hakuwahi kuandika neno ambalo hakuagizwa.

"Alisaini saa saba na nusu," akasema, anaandika. "Hivyo ndivyo ulivyoniambia."

"Sikukuambia."

"Umeniambia, dada yangu. Nimekusikia." Akapiga mhuri, akasimama. Ndani, akawa yeye aliyeinama, akaivua ile miwani kwenye uso wa Bakuza kwa uangalifu, kama anayemvua mtu aliyesinzia, akamkabidhi Mashavu. "Mchukue upesi. Wakiuliza, nitasema nilitekeleza. Na hao wengine saba," akaongeza bila kumtazama, "nadhani saini hii ni ndefu, imewagusa wote."

Hapakuwa na gari la kubebea maiti. Yote yalikuwa yamepondwa. Waliobaki wa Mtaa wa Nyundo walikuja na milango ya gereji iliyong'olewa, wakawalaza marehemu juu yake, wakatia mabega. Wengine mikono yao ya mashati ilikuwa na damu ya barabarani, na Mashavu hakuuliza ni ya nani. Fundi wa magurudumu, taya limefungwa kwa kitambaa, alishika kona moja ya mlango wa Bakuza. Mashavu alishika nyingine, kwa bega la kulia.

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya mji, na njia pekee iliyobaki ilikuwa ile mpya. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Milango minane ikaingia katikati ya njia nane, na pande zote mbili hapakuwa na gari, wala baiskeli, wala mbuzi. Kwenye makutano ya kwanza alisimama askari wa Kikosi, kofia ya kijani, peke yake. Hakuna aliyekuja kumpokea zamu. Alipowaona akainua mkono kuwasimamisha, kwa sababu sheria ilikuwa wazi, na upande huu ulikuwa wa vigari.

Wakasimama. Askari akatazama kulia. Akatazama kushoto. Lami ilinyooka hadi ilipopotea kwenye mvuke wa joto, na hakuna kilichokuwa kinakuja.

"Tunazika," Mashavu akamwambia.

Mkono ulikaa juu muda kidogo. Ulikuwa umeshika rungu wiki nzima. Halafu ukashuka. Askari akavua kofia, akasogea hadi ukingoni mwa barabara, akasimama kwenye vumbi mpaka mlango wa nane ukapita.